Tuwaachie Watoto Kitu cha Kumalizia

Lori likimwaga mchanga mbele ya nyumba inayojengwa, iwe Mbagala, Kimara au Bunju, watoto wa mtaa hawasubiri kuitwa. Kabla vumbi halijatulia wameshapanda juu ya rundo. Mmoja anachimba shimo na kuliita kisima, wawili wanachora barabara ubavuni kwa visigino, wa nne anateleza kwa makalio kutoka kileleni hadi chini, kisha anapanda tena. Hakuna aliyewafundisha na hakuna anayechoka. Baada ya muda mwenye nyumba anatoka na kuwafukuza, na ana haki yake, kwa kuwa mchanga ule ameununua na anataka utoshe plasta. Lakini akishawafukuza, anakuwa amekifunga kiwanja bora cha michezo kilichokuwepo mtaani siku hiyo. Si mbali na hapo, kwenye bustani ya mgahawa, huenda ipo pembea ya chuma na mtelezo wa plastiki wa rangi tatu. Watoto walewale wakipelekwa huko sikukuu, huuchezea mtelezo kwa dakika kumi, kisha huanza kuupanda kinyume, kutoka chini kwenda juu, wakitafuta jambo la kufanya ambalo halijapangwa. Tofauti kati ya rundo lile na mtelezo ule ndiyo hoja ya makala haya.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inapoeleza wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maelekezo. Na katika orodha hiyohiyo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ulikuwa umeshasema hivyo katika ibara ya 31, na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 ukasisitiza katika ibara ya 12. Mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Kwa maandishi, basi, mchezo umekaa mkeka mmoja na chakula. Kwa matendo, wengi wetu tunauhesabu kuwa bidhaa: aliyejaliwa hununua gari la betri au trampolini, na asiyejaliwa hujiona amemnyima mwanawe. Naamini wote wawili wanatumia kipimo kisichofaa. Kifaa kizuri cha mchezo ni kile kinachomwachia mtoto nafasi ya kukimalizia mwenyewe, na vifaa vya aina hiyo viko karibu nasi kuliko maduka ya Kariakoo. Tunachopungukiwa ni uamuzi wa kuvitafutia mahali, muda na usalama.

Tuyaweke pamoja magari mawili. Gari la betri linawaka taa, linapiga honi, linakwenda lenyewe, na likigonga ukuta linageuka. Karibu kila jambo ambalo mtoto angelifanya, gari limeshalifanya. Akishalitazama siku mbili, kinachobaki ni kulifungua aone kilichomo ndani, na hapo tunamgombeza kwa uharibifu, ilhali ule ndio mchezo wa kwanza wa kweli aliouanza. Gari la waya, kwa upande wake, haliwi gari mpaka mtoto alifanye liwe. Lazima atafute waya, aunyooshe kwa jiwe, aukunje upate umbo, akate magurudumu kwenye ndala iliyokwisha, kisha afunge usukani mrefu wa kijiti ili aliendeshe akiwa wima. Gurudumu likigoma kuzunguka, atatafuta sababu: pengine tundu limebana, pengine waya umepinda. Akimaliza atahitaji barabara, barabara itahitaji daraja, na daraja litahitaji wenzake. Hakuna ubaya wa kumnunulia mtoto gari la betri. Ila tujue kwamba limemaliziwa kiwandani, na kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyobaki kwa mtoto ni kutazama.

Wataalamu wa makuzi wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alifundisha katika miaka ya 1930 kwamba mtoto anapopanda fimbo na kuiita farasi, anaanza kutenganisha maana ya kitu na kitu chenyewe. Hatua hiyo si ndogo. Mtoto anayepika ugali wa mchanga kwenye kifuu cha nazi ameshaelewa kwamba kitu kimoja chaweza kusimama badala ya kingine, na herufi nazo ni alama zinazosimama badala ya sauti. Fimbo inafaa kwa sababu haifanani sana na farasi; sehemu iliyopungua inajazwa na akili ya mtoto. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wadogo 36, kila mmoja akicheza mara moja akiwa na vitu 4 na mara nyingine akiwa na vitu 16. Walipokuwa na vinne, walikaa na kila kitu kwa muda mrefu zaidi na kukitumia kwa njia nyingi zaidi. Ni utafiti wa watoto wachache na hautoshi kuwa hukumu, lakini unaungana na jambo ambalo mzazi yeyote aliyejaza kapu la wanasesere anaweza kulipima nyumbani kwake: wingi wa vitu hauleti wingi wa mchezo.

Aliyeligeuza wazo hili kuwa kiwanja ni mbunifu wa bustani wa Denmark, C. Th. Sørensen. Alikuwa amekwisha kubuni viwanja vya watoto, akatambua kwamba watoto wanavipita na kwenda kucheza kwenye majengo yanayojengwa na kwenye marundo ya vitu vilivyotupwa. Badala ya kuwalaumu watoto, aliurudia ubunifu wake. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kiwanja cha kwanza cha aina aliyoipendekeza kilifunguliwa Emdrup, Copenhagen. Watoto walipewa mbao, matofali, zana na mtu mzima wa kuwaangalia, wakajenga vibanda, wakavibomoa, wakajenga tena. Baada ya vita, Lady Allen wa Hurtwood, mbunifu wa bustani wa Uingereza, alikitembelea na kulipeleka wazo hilo London, ambako viwanja vya namna hiyo vilianzishwa kwenye maeneo yaliyobomolewa na mabomu. Mwaka 1971 Mwingereza mwingine, Simon Nicholson, akaliandikia nadharia: katika mazingira yoyote, ubunifu na ugunduzi hutegemea wingi na aina za vitu vinavyoweza kusogezwa na kubadilishwa. Rundo la mchanga la Mbagala linafuata kanuni hiyohiyo. Sørensen aliona Copenhagen kile ambacho kila fundi mwashi wa kwetu hukiona na kukifukuza.

Hoja hii ina ushahidi wa karibuni pia. Jijini Sydney, Australia, watafiti walizigawa shule 12 za msingi katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea kama kawaida. Jingine liliwekewa uwanjani, kwa wiki 13, vitu visivyo na kazi maalumu ya mchezo, kama matairi na kreti, huku wazazi na walimu wakikaa pamoja kuzungumzia hofu zao. Watoto 221 wa miaka 5 hadi 7 walipimwa mwendo wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliopata vitu hivyo walichangamka zaidi na kukaa kidogo zaidi wakati wa mapumziko. Ongezeko lilikuwa dogo, na ni haki kulisema, lakini lilipatikana kwa vitu ambavyo vingetupwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka watoto wa miaka 3 na 4 wawe katika mwendo kwa dakika 180 au zaidi kila siku, 60 kati yake za kutoa jasho, na wasizidishe saa moja mbele ya skrini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya wanne katika kila kumi wana umri chini ya miaka 15. Dakika hizo 180 haziwezi kupatikana kwa pembea za mgahawani siku ya sikukuu. Zitapatikana kwa vifaa ambavyo kila kaya na kila shule inaweza kuvipata.

Nianze na chumbani, maana familia nyingi za mijini zinaishi kwenye chumba na sebule vya kupanga, na ushauri unaoanza na bustani unawaacha nje. Boksi kubwa la jokofu, lililoombwa dukani, ni nyumba, basi, jiko na pango kwa muda wa wiki nzima. Khanga mbili zikifungwa kwenye viti huwa hema. Kapu moja linatosha kukusanya vifuu vilivyosuguliwa, magunzi makavu, vibanio vya nguo, mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, na vipande vya mbao kutoka kwa seremala vilivyopigwa msasa mpaka visichome. Vipande hivyo vya mbao vina ukoo mrefu: Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alijenga mafunzo yake juu ya mipira ya uzi na matofali madogo ya mbao. Komwe chache na mstari uliochorwa sakafuni vinaanzisha mdako au bao la watoto. Kibarazani, beseni la maji, vikombe, chujio na chupa iliyotobolewa hufundisha mtiririko na ujazo kuliko maelezo marefu. Masharti ni machache: kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kisiwepo, kwa sababu kinaweza kumkaba, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na beseni la maji hata kwa dakika moja. Nusu ya vitu ikifichwa na kubadilishwa kila baada ya wiki, kapu lilelile litakuwa jipya daima.

Penye uwanja, hata wa hatua chache, ningeweka vitu vinne kabla ya kufikiria kununua chochote. Cha kwanza ni mchanga, kwa kuwa unakubali umri wote: wa miaka miwili ataumimina, wa miaka saba atajenga bandari. Cha pili ni kitu cha kuning'inia: tairi au kiti cha mpira kilichofungwa kwa kamba imara kwenye tawi bichi na nene la mwembe, au kwenye nguzo mbili zilizochimbiwa vizuri. Kiti cha mpira ni bora kuliko ubao mzito au chuma, maana pembea tupu inayorudi ikimkuta mtoto kichwani, uzito wake ndio unaoamua ukubwa wa jeraha. Cha tatu ni kitu cha kupanda na kujisawazisha: gogo lililolazwa, matairi yaliyofukiwa nusu, ubao juu ya matofali yaliyotulia. Cha nne ni rundo la vitu vya kusogeza: madumu, kreti za soda, vipande vya mabomba ya plastiki, turubai, ndoo na koleo ndogo. Vitatu vya kwanza vinampa mwili kazi. Cha nne kinaiunganisha kazi hiyo na hadithi, gogo likawa meli na tairi likawa usukani. Michezo yetu yenyewe imejengwa hivi. Rede inahitaji mpira wa matambara na chupa ya kujaza mchanga. Kombolela inahitaji kopo na mahali pa kujificha. Kishada kinahitaji njiti, karatasi na uzi. Kilichobaki huletwa na watoto.

Pingamizi zito kuliko yote ni hatari, na mzazi anayelitoa hapaswi kuonekana mwoga. Lugha yetu yenyewe inavutana juu ya jambo hili. Upande mmoja inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Upande wa pili inasema mtoto akililia wembe, mpe. Methali ya kwanza inategemea utii, ya pili inategemea maumivu, na mtoto anayejifunza kupanda mti anahitaji kitu cha tatu ambacho hakimo katika zote mbili: nafasi ya kupima nguvu zake mwenyewe. Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, tangu mwaka 2007 amekuwa akionyesha kwamba watoto hutafuta kwa makusudi urefu, kasi, zana na mieleka ya kirafiki, kwa kadiri wanavyoimudu hofu yao. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Mariana Brussoni wa Canada mwaka 2015 yaliona kwamba michezo ya nje yenye changamoto kwa jumla ina faida kwa afya. Muhimu ni kutenganisha changamoto na mtego. Changamoto mtoto anaiona: tawi liko juu, anasita, anajaribu la chini yake. Mtego haonekani: msumari ndani ya ubao, kamba iliyooza katikati, tawi kavu lenye majani ya jirani yake. Kazi ya mtu mzima ni kuiondoa mitego yote na kuziacha changamoto zilizobaki.

Kazi hiyo ina kanuni zinazojulikana, na hazihitaji fedha nyingi. Majeraha mengi ya viwanjani hutokana na kuanguka, kwa hiyo ardhi iliyo chini ya kifaa ina uzito kuliko kifaa chenyewe. Pembea iliyosimikwa juu ya zege ni hatari hata ikiwa imetengenezwa Ulaya. Gogo juu ya mchanga uliolegea lina usalama hata likiwa limeokotwa. Miongozo ya Marekani inataka mchanga au vipande vya mbao vyenye kina cha takriban sentimita 23, na eneo wazi la mita 1.8 kuzunguka kifaa. Nafasi kati ya vyuma au mbao isiwe kati ya sentimita 9 na 23, kwa sababu mwili wa mtoto hupita na kichwa kikanasa. Kamba zisiachwe na vitanzi, na mtandio au kamba ya shingoni ivuliwe kabla ya kupanda. Mtelezo wa chuma uwekwe kivulini, maana jua letu la saa saba huunguza ngozi. Tairi litobolewe matundu chini ili lisihifadhi maji. Dar es Salaam, iliyopitia milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, inajua mbu wa ugonjwa huo, Aedes, anazaliana wapi. Tairi linalotokeza waya litupwe kabisa. Rangi ichaguliwe isiyo na risasi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Na bei isitudanganye: madaktari wa watoto wa Marekani, ambako trampolini zimeenea, wamewashauri wazazi kwa miaka mingi wasiziweke nyumbani.

Pingamizi la pili ni uchafu, na hapa ushauri wa Ulaya haufai kuchukuliwa mzimamzima. Katika mazingira yetu udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo, funza na kinyesi cha paka na mbwa, na minyoo inapunguza damu na nguvu za mtoto. Hiyo ni sababu ya kuutunza mchanga, na haitoshi kuwa sababu ya kumfungia mtoto ndani. Shimo la mchanga lijengewe ukingo, lifunikwe turubai usiku, lichambuliwe na kugeuzwa lipigwe jua, na mchanga ubadilishwe unapochafuka. Mtoto avae viatu panapostahili, anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza na kabla ya kula, na apate dawa za minyoo zinapotolewa shuleni. Nguo zake za kuchezea ziwe nguo ambazo hakuna mtu atakayezililia zikipata tope. Mama anayefua kwa mikono ana haki ya kuogopa tope, na ndiyo maana shughuli ya kufua, pamoja na kumwangalia mtoto anapocheza, haipaswi kumwangukia mtu mmoja ndani ya nyumba.

Pingamizi la tatu ni nafasi: mji umejaa, tutaweka wapi mchanga na matairi? Amsterdam baada ya vita ilikuwa na swali hilohilo. Mwaka 1947 msanifu majengo Aldo van Eyck, akifanya kazi katika idara ya manispaa, alibuni kiwanja kidogo mtaa wa Bertelmanplein: shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, mawe ya kurukia na vyuma vya kubingirikia, basi. Wakazi wa mitaa mingine wakaandika barua kuomba vya kwao, na manispaa ikawajengea kwenye vipande vya ardhi vilivyosahauliwa, katikati ya nyumba na kwenye pembe za barabara. Hadi mwaka 1978 vilikuwa vimefikia zaidi ya 700. Karibu nasi, Dandora jijini Nairobi, makundi ya vijana yalishindana kusafisha viwanja vya katikati ya nyumba vilivyokuwa vimejaa taka, yakapanda miti na kuweka sehemu za watoto kuchezea. Mifano yote miwili inasema jambo moja: jiji halikuanza kwa kutafuta ekari kumi za bustani. Lilianza kwa kipande kilichokuwepo, kidogo kiasi cha kuweza kutunzwa na watu wanaokiona kila siku kutoka milangoni mwao.

Ila vipande hivyo havitabaki vikisubiri. Maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani za miji yetu yamekuwa yakivamiwa, na mara nyingi watu wazima wameyaona yakiondoka kimyakimya. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walitoka kupinga ukuta uliojengwa kuzingira uwanja wao wa michezo, wakapigwa mabomu ya machozi. Picha za watoto wale wenye sare, wakijifuta macho, zilizunguka dunia, na ardhi ikarejeshwa shuleni. Ni aibu kwamba ilibidi watoto wautetee uwanja kwa miili yao. Uwanja ukipotea, mchezo unahamia barabarani, na takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaitaja ajali ya barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo serikali ya mtaa inayolinda kiwanja cha chandimu, au inayoweka matuta kwenye barabara ya mtaa ambako watoto wanaruka kamba, inafanya kazi ya afya ya jamii sawasawa na inayofukia madimbwi.

Wapo watakaosema kwamba muda huo wote ungetumika kusoma. Hofu hii ina mizizi ya kweli: mitihani ni migumu, ajira ni chache, na mzazi anayelipia masomo ya ziada anajinyima ili mwanawe asibaki nyuma. Lakini mchezo na masomo havigombanii mtoto mmoja kama tunavyodhani. Mwaka 2018 madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ripoti wakieleza kwamba kucheza hujenga uwezo wa kupanga, kujizuia, kushirikiana na kutatua matatizo, yaani misingi ambayo masomo husimama juu yake. Anayejenga kibanda cha kreti amepima, amekadiria na amejadiliana na wenzake. Walimu wetu wa madarasa ya awali wanalijua hili, ndiyo maana huandaa kona za kujifunzia zenye vifuniko, mbegu na vibao vya kuhesabia. Linalosikitisha ni kwamba kona hizo mara nyingi huishia darasa la awali, kana kwamba mtoto akifika darasa la kwanza mikono yake imekwisha kazi.

Tukikubali kwamba mchezo ni haki, itabidi tuulize ni ya nani. Nyumba nyingi humwachia mvulana atoke na mpira, huku dada yake wa umri uleule akibaki kuosha vyombo na kubeba mdogo wao mgongoni. Kifaa kizuri hakimsaidii mtoto asiye na saa ya kukitumia, kwa hiyo kugawa kazi za nyumbani kwa usawa ni sehemu ya kuandaa mchezo. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye ulemavu. Mchanga ukiinuliwa juu ya meza yenye nafasi chini, anayetumia kiti cha magurudumu ataufikia. Pembea yenye mgongo na mkanda itamshika asiyeweza kujishikilia. Mabomba ya urefu tofauti yaliyofungwa kwenye fremu yatatoa sauti atakazozifuata asiyeona. Hivi vyote fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuvitengeneza akielezwa vipimo, na vikiwepo kiwanjani, hakuna mtoto atakayekataa kuvichezea eti si vyake.

Limebaki pingamizi ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kwamba matairi na vifuu ni umaskini, na mtoto anastahili vitu vya kisasa kama wenzake. Naliheshimu, kwa kuwa limetoka kwenye upendo. Wala siombi turudi zamani. Zamani hiyo ilikuwa pia na visima visivyofunikwa na watoto waliocheza kwa sababu hakukuwa na shule karibu. Lakini tusikubali kwamba kitu kina thamani kwa sababu kimelipiwa. Nchi tajiri zilizojaza viwanja vyake vyuma na plastiki zimerudi kuweka magogo, mchanga na matairi, baada ya kuona watoto wao wanachokitafuta. Tungekuwa tumejidhulumu kama tungevifagia vya kwetu mwaka huu, kisha tuje kuvinunua baadaye vikiwa kwenye maboksi yenye picha.

Ninachoomba kinatimizika wiki hii. Mzazi atenge kapu moja na saa moja ya jioni ambayo haina kazi wala televisheni, kwa watoto wa kike na wa kiume. Kamati ya shule ikusanye matairi, iyatoboe, iyafukie nusu, na imteue mwalimu wa kuyakagua kila Jumatatu. Serikali ya mtaa ichague kipande kimoja cha wazi, ikiandike kwenye kumbukumbu zake na kukilinda. Na mwenye nyumba anayejenga, lori linapomwaga mchanga na watoto wakatokea, achote toroli tano, azimwage pembeni, mbali na barabara na mbali na nondo, awaambie kwamba huo ni wao. Plasta yake haitapungua kwa toroli tano. Nyumba yake itakuwa ikipanda upande mmoja, na upande wa pili kutakuwa na mji mwingine unaojengwa, wenye kisima, barabara na daraja, ambao jioni utabomoka na kesho utaanzwa upya na mafundi walewale.